Si Mbovu

Ilikuwa darini, nyuma ya ndizi zilizovundikwa,
imeviringishwa gunia la kahawa la ushirika,
na panya walishakula mkanda wote
wakabakisha chuma chake.
Apolinari, kitinda mimba, mwenye haki nayo,
alisema kwenye simu kutoka Mwanza:
Itupe, dada, chuma chakavu hicho.
Chakavu!
Mtu anayebadilisha simu kila Krismasi.

Mimi ni fundi cherehani, Kiborloni,
kibanda cha tatu ukitoka kwa wauza viatu vya mtumba.
Bunduki sikuwahi kuishika. Baba alikataza:
mwanamke akiigusa, eti, marisau yanapinda njiani.
Lakini springi ni springi,
na kutu haiulizi wewe ni mtoto gani.

Nikaikunja kiunoni, penye bawaba.
Ikalia kama mlango wa zizi.
Nikaelekeza mtutu dirishani nione mwanga:
giza.
Nyigu walikuwa wamejenga humo kwa udongo,
chumba baada ya chumba, wapangaji wasiolipa kodi.
Siku nne za mafuta ya taa,
uti wa mwavuli, kipande cha kanga iliyochakaa,
na ya tano nikaona duara la anga
dogo kama sarafu,
na ndani yake, kwa bahati, theluji kidogo ya Kibo.

Springi ya nyundo ilikuwa imechoka.
Nikaitafutia mwenzake kwenye kopo langu
la vyuma visivyo na jina.
Inabeba risasi moja tu, bunduki hii.
Ukikosa, umekosa.

Kitako ndicho kilichonichelewesha.
Mti wa mringaringa, babu aliuchonga mwenyewe
cha kwanza kilipoliwa na mchwa,
na ufa umeupasua toka shingoni hadi kisigino.
Tuliambiwa: ilianguka.
Ilianguka! Mbao iliyoanguka naijua.
Hii ilipigwa.
Mtu alishika mtutu kwa mikono miwili
akapiga jiwe.

Na jiwe nalijua. Liko mpakani, kwenye masale,
kati ya kihamba chetu na cha Baba mdogo Ludoviki.
Nilikuwa na miaka saba, chini ya blanketi,
nikasikia kelele, halafu kishindo kimoja kikavu,
halafu nikangoja mlio mwingine
mpaka nikalala.
Asubuhi Baba alikuwa amefunga kiganja kwa kitambaa.
Tangu hapo ngedere walikula mahindi yetu
miaka ishirini na sita,
naye aliwarushia mawe
akiwatukana kwa majina ya ukoo.

Gundi ya mbao. Mpira wa baiskeli, kuzungushia.
Siku mbili sikuigusa.
Kisha msasa mkali, msasa laini, mafuta, kiganja,
mafuta tena.
Mstari bado unaonekana,
kama mshono wa mwanafunzi.

Baba mdogo alikuja kibandani bila cherehani.
Akaitazama. Akapitisha kidole juu ya mstari,
polepole, toka shingoni hadi kisigino.
Siku ile ilikuwa na risasi ndani, akasema.
Ilikuwa nayo?
Ilikuwa nayo.
Akaomba maji, akayanywa akiwa amesimama,
akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

Kibali kilikuwa cha Baba, kikafa naye.
Kwa hiyo Jumatatu niko kituoni,
na koplo, bila kunyanyua kichwa, anaandika:
bunduki ya marisau, moja, kuukuu, mbovu.
Si mbovu, nikamwambia.
Mama, hizi za urithi zote ni mbovu.
Nikaikunja mbele yake. Nikaifunga.
Tk.
Sauti ndogo, safi, ya kitu kinachojua mahali pake.
Koplo akanyanyua kichwa.
Akalikata neno kwa biki, mara mbili,
na juu yake, kwa herufi za kubana: nzima.

Nikatia saini. Kidole kikaacha doa la mafuta
karibu na jina la Baba.
Saa tano nilikuwa Kiborloni.
Mama Gaudensia anataka cherehani yake
kabla ya Kipaimara.